Saa za Helka

Kila siku akitoka shule, Helka Moilanen alikuwa akitua mkoba, akifungua kompyuta na kutazama bei za umeme za kesho. Nyumbani kwao Kuhmo, mji wa kaskazini wenye baridi kali, walilipia umeme kwa bei ya soko, inayobadilika kila saa. Helka, msichana wa miaka kumi na miwili, aliandika saa za bei nafuu kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji. Baba yake, Tapani, alifua, alioka mkate na kuwasha sauna, chumba chao cha kuogea kwa mvuke, kwa kufuata karatasi hiyo.

Ijumaa moja Helka alichelewa kwenye barafu akiteleza na wenzake. Alipofika nyumbani alikuwa amechoka, akanakili saa za jana. “Nani atajua?” alijiambia.

Jumamosi baridi ilizidi na upepo unaozungusha mitambo ya umeme ukatulia kabisa. Bibi Lempi, mama yake Tapani, alikuja kuoga sauna, kama kawaida yake. Saa kumi jioni Baba alisoma karatasi.

“Saa kumi na moja ni rahisi. Nakwenda kuwasha jiko la sauna mapema kidogo, Mama.”

Helka alichungulia kompyuta. Saa hizo ndizo zilizokuwa ghali kuliko zote. Bei ilikuwa mara kumi ya jana. Alitamani kunyamaza. Nani angemshuku? Lakini alimwona Bibi akikunja taulo huku akiimba, akashindwa kuvumilia. Alikimbia ukumbini.

“Baba, usiwashe! Saa zile ni za uongo. Sikutazama bei. Nilinakili za jana!”

Baba alikuwa ameshashika swichi ya jiko la sauna ukutani. Akauondoa mkono polepole.

“Kwa nini hukuniambia tu kwamba umechoka? Ningetazama mwenyewe.”

“Niliogopa utasema mimi mvivu.”

“Mvivu nimemzoea,” Bibi alidakia, “nimemzaa huyo hapo!”

“Mama, jamani!” Baba alilalamika, lakini alikuwa akicheka. Helka naye alicheka huku akifuta machozi, kifua chepesi kama aliyetua mzigo wa kuni.

Walitazama bei pamoja. Saa mbili usiku ingeshuka. Basi wakala supu ya samaki kwanza, wakaoga baadaye.

Ndani ya mvuke, Bibi alimshika Helka bega. “Kazi ikikushinda, sema, mjukuu wangu. Tutasaidiana. Lakini usituandikie uongo, maana sisi tunakuamini, na kwa imani hiyo tunabonyeza swichi.”

“Nimesikia, Bibi,” alisema Helka, akamwaga maji juu ya mawe ya moto ya jiko.