Keram ya Babu Abdulaziz

Kila Ijumaa baada ya swala ya mchana, Ummi alikuwa na kazi moja asiyoichukia: kupanga kete za keram barazani. Babu yake, Abdulaziz, alikuwa na ubao wa mchezo huo tangu ujanani, mraba wenye tundu nne za pembeni, uliong'arishwa na vidole vya watu ambao wengi wao sasa ni marehemu. Siku hizi pale Mtongwe vijana hucheza kwenye simu. Waliobaki na keram ni Babu na jirani yake Mzee Oduor, aliyekuwa kuli bandarini, nao walitaniana utadhani watoto wa madrasa.

Alhamisi moja Babu alikwenda Mikindani kumjulia hali dada yake. Ummi akautoa ubao bila ruhusa, akamwita Valarie, mjukuu wa Mzee Oduor. Poda ya kutelezesha kete ilikuwa imekwisha, basi Ummi akanyunyiza unga wa ngano.

"Huo utagandana," Valarie alimwonya.

"Wewe cheza tu!"

Kwa joto lile na mikono ya jasho, unga ukageuka uji. Valarie alipokwenda zake, Ummi aliuosha ubao kwa maji, akauanika juani. Jioni aliukuta umebenuka katikati kama chapati kikaangoni.

Kesho yake Babu aliita, "Ummi!"

"Abee, Babu."

"Nani aliyeufanya hivi ubao wangu?"

Ulimi ukamponza. "Ni Valarie, Babu. Alimwaga maji."

Babu hakugomba. Alimweleza Mzee Oduor kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma mzee wa watu. Akaona haya, akaacha kuja. Ijumaa mbili zikapita. Babu aliketi peke yake barazani, chai ikipoa, na jirani akawa anapitia njia ya mbali. Ummi alimtazama Babu yake akajuta mpaka chakula kikamshinda.

Ijumaa ya tatu alishindwa kuvumilia. "Babu, nisamehe. Ni mimi. Valarie hata hakuwapo ubao ulipotiwa maji."

Babu aliweka chini kikombe chake. "Ubao nitaugandamiza kwa mawe, inshallah utanyooka. Jina la mwenzio je, nitaligandamiza na nini? Haya, vaa viatu. Utakayesema ni wewe, si mimi."

Kwa Mzee Oduor, Ummi alitoa shikamoo, akasema yote huku akilia. Mzee alimgeukia mjukuu wake aliyekuwa akifua mlangoni.

"Val, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Babu. Mara tatu. Ukasema mjukuu wa Mzee Abdulaziz hawezi kudanganya."

Mzee Oduor aliinama. "Nisamehe, mjukuu wangu," alisema.

Ubao ulinyooka kidogo. Kete bado hukimbilia upande mmoja, lakini wazee walirudi barazani na matani yao. Valarie alimsamehe Ummi kwa mdomo, ila kila alipoitwa kucheza alisema ana kazi. Ummi alimlalamikia Babu kwamba amekwisha kuomba radhi, sasa afanye nini tena.

"Subiri, mwanangu," Babu alimjibu. "Uongo uliusema mara moja tu ukaaminiwa. Ukweli itakubidi uuseme siku nyingi kabla Valarie hajakuamini."