Ganzi ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alikaa mezani mbele ya mama yake na kumtazama akinywa chai. Chai ilipoanza kumchuruzika mama kidevuni, Redio alisema, "Mama, kushoto," naye mama akajifuta kwa leso. Kisha wote wawili waliendelea kunywa bila kulizungumzia.

Redio halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na Mjomba, kaka yake mama, kwa sababu binti huyo akisikia jambo hulirudia neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha msemaji. Darasani walimwita hivyohivyo, naye hakuona vibaya. Lakini siku hizi alizungumza kidogo sana, na hata wenzake walikuwa wamechoka kumuuliza ana nini.

Mama alikuwa fundi cherehani, akishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Kwa miaka mingi alifanya kazi akiwa amebana pini midomoni, akizichomoa moja moja na kuzichomeka kwenye pindo. Alikuwa na ujuzi wa kupiga soga na kucheka bila kudondosha hata pini moja. Halafu aling'olewa gego la chini. Sindano ya daktari wa meno iliutia ganzi mdomo wake wa chini, upande wa kushoto, na ganzi hiyo haikuondoka. Kila mtu alisema itaisha kesho, na kesho zikapita nyingi.

Siku moja Redio alirudi kutoka shuleni akamkuta mama ameinamia gauni jeupe la bibi harusi. Pini ilikuwa imemchoma mdomo.

"Mama, damu," alisema Redio.

Mama alikuwa hajasikia kitu. Matone yalikuwa yameshaingia kifuani mwa gauni. Bibi harusi alilichukua gauni lake bila kugomba, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kugomba, na habari zikaenea. Wateja wakawa wanapita mlangoni bila kusimama. Mama hakulia. Alirudisha pini kwenye kopo, akaifunika cherehani kwa shuka kuukuu, akakaa.

Ndipo Mjomba alipoingilia. Yeye alikuwa dalali wa vyumba vya kupanga. Aliwahi kuhudhuria kesi moja ya mpaka wa kiwanja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu sheria.

"Tunamshtaki!" alisema. "Mtu aingie na jino bovu, atoke na mdomo uliokufa? Huyo daktari atatutambua. Kesho twende kwa wakili."

Kesho yake, mama alipokuwa ndani akivaa, Redio alimvuta Mjomba shati pale barazani.

"Mjomba, daktari alisema. Mimi nilikuwepo."

"Alisema nini?"

Redio alisafisha koo kama daktari alivyofanya. "'Mama, mzizi wa gego hili umekaribia mshipa wa fahamu. Nikiling'oa, mdomo unaweza kubaki na ganzi, pengine kwa muda mrefu. Ukipenda, nitakuandikia uende hospitali kubwa wakalitazame vizuri kwanza.' Mama akasema, 'Ling'oe tu, daktari, nimechoka na maumivu.'"

Mjomba alitazama mlango. "Na mama yako anakumbuka hayo?"

"Hapana. Anasema hakuambiwa kitu."

"Basi na wewe hukusikia kitu. Leo tu redio iharibike, mpwa wangu. Au unataka mama yako asishone tena?"

Redio alidhani ataogopa, au atakasirika. Hakusikia chochote. Alijifinya mkono; mkono uliuma, lakini moyoni palikuwa kimya. Aliingia ndani kuchukua viatu vyake.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi iliwafuata hadi kwenye viti. Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alimsikiliza Mjomba kwa subira, ingawa Mjomba alisimama kana kwamba yuko mahakamani.

"Kwa hiyo daktari hakukueleza hatari yoyote, dada?" wakili alimuuliza mama.

"Sikumbuki kuambiwa," alijibu mama.

"Kulikuwa na mtu mwingine chumbani?"

"Muuguzi aliyemshikia daktari taa. Na binti yangu."

Wakili alivaa miwani, akamgeukia Redio. Mjomba akaanza kukohoa. Redio alimtazama mama yake. Upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa umelegea na tone la mate lilikuwa likishuka taratibu, na mama hakuwa na habari.

"Mama, kushoto," alisema Redio.

Mama akajifuta haraka, kwa aibu. Na Redio, akiwa ameshafungua kinywa, hakukifunga tena. Alirudia yote: mzizi, mshipa, hospitali kubwa, na jibu la mama.

Mama alikunja leso, akaikunjua.

"Nilisema hivyo," alisema hatimaye. "Sasa nakumbuka. Ewe Mungu, nilisema hivyo kweli."

"Redio imetuuza!" Mjomba alijitupa kitini. "Twendeni nyumbani."

"Kaa, kaka," alisema wakili. "Binti, sijasikia mwisho. Ganzi ilipokataa kuisha, mlifanya nini?"

"Tulirudi kwa daktari. Alisimama mlangoni na glavu zake, akasema, 'Ganzi huisha yenyewe, mama, nina foleni.' Tukarudi tena wiki nyingine. Akasema vilevile. Hakumwambia mama akae. Hakumshika mdomo."

Wakili alivua miwani. "Sikilizeni. Mgonjwa anaweza kumshtaki daktari, lakini si kwa sababu tu tiba imemwachia madhara. Madhara mengine hutokea hata daktari akiwa makini. Mahakama itataka kujua kama alimweleza mgonjwa hatari, kama alifanya kazi yake inavyopaswa, na kama uzembe wake ndio uliomuumiza. Hapa alimweleza. Lakini mgonjwa aliporudi na tatizo, hakumtazama wala hakumpeleka kwa mtaalamu. Hapo ana la kujibu."

"Na tungesema hakumweleza?" aliuliza Mjomba kwa sauti ndogo.

"Muuguzi angesimama na kueleza alichosikia. Baada ya hapo, hata haya ya kweli, nani angeyaamini?"

Mjomba alianza kukagua dari.

Wakili alimwita daktari ofisini kabla ya kwenda mahakamani. Daktari alikuja amejiandaa kubishana. Redio alipoanza kurudia onyo la daktari, neno kwa neno, daktari alishangaa. Alipofika kwenye "nina foleni", daktari aliinamisha kichwa.

"Nilisema hivyo," alikiri. "Sikukutazama, mama. Nilikosea, nisamehe."

Walikubaliana daktari ampeleke mama kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu, alipie matibabu yote na kumfidia mama kwa kazi aliyoikosa. Mtaalamu alisema wamechelewa, lakini wajaribu. Sehemu ya mdomo ikaanza kuwasha, kisha ikaamka. Sehemu nyingine haikuamka, na huenda isiamke kamwe.

Mama aliifunua cherehani. Pini sasa alizichomeka kwenye kijimto cha kitambaa alichojifunga mkononi, na taratibu wateja wakaanza kusimama tena mlangoni.

Asubuhi moja, wakiwa mezani, Redio aliuliza, "Mama, ulinikasirikia siku ile kwa wakili?"

"Kidogo," alisema mama. "Niliona umenivua nguo mbele za watu." Alisogeza kikombe. "Halafu nikafikiri. Upande huu wa mdomo hauniambii kitu, mwanangu. Haujui moto wala damu. Wewe ndiye unayeniambia. Siku utakayoanza kuniambia yale tu ninayopenda kusikia, nitakuwa nimekufa ganzi mwili mzima. Sema kweli yote, hata ikiuma. Afadhali iume."

Safari hii moyo wa Redio uliuma, na machozi yakamtoka, ya kwanza tangu siku ya gego.

Mama alimnyooshea leso.

"Kushoto," alisema. "Na kulia pia."