Kiti cha Kamanda Kina Joto

Mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Ingefaa isimuliwe na mtu mwenye moyo mgumu, siyo mimi ambaye nikitaja jini tu, natafuta mlango ulipo.

Kamanda mpya wa polisi alipokikalia kiti chake asubuhi ya kwanza, alikikuta kina joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Akacheka. Kiti hicho alikimezea mate miaka thelathini. Yeye na mtangulizi wake waliajiriwa siku moja, chuoni wakalala kitanda kimoja cha ghorofa, lakini kila nyota ilitua kwanza begani kwa mwenzake. Hata mkewe, akitaka kumchoma, alimtaja yule kwa cheo kamili. Yeye akabaki Naibu, mkono unapiga saluti, jicho linahesabu nyota za mwenzake. Mpaka juzi, sauti ya mwenzake ilipokauka katikati ya gwaride, isirudi tena, na kiti kikabaki wazi.

Saa nne ofisi ikanuka ngozi iliyoungua. Saa sita buti zikasikika nyuma ya kiti, pasipo na nafasi hata ya mjusi kupita; zikapiga hatua, zikatulia, na kila alipoinuka zilimfuata, na kila alipoketi kitu cha baridi kilimpapasa shingoni taratibu, kama fundi cherehani anayepima kola, mpaka alipotaka kumwita katibu muhtasi wake mdomo ukafunguka na neno lisitoke.

Alasiri sauti ikarudi nusu. Akamwingiza mganga wake kwa mlango wa nyuma.

Mganga alinusa, akarudi kinyumenyume. "Afande, huyu si yule jini tuliyemtuma?"

"Nilimtuma kwa kamanda aliyepita."

"Kwenye kile kikaratasi cha amri ulimtaja jina?"

Kamanda akaketi. Amri za polisi huandikwa kwa cheo, na mkono wake ulishazoea: *Kamanda anyamazishwe.* Sahihi: *Naibu Kamanda.*

"Basi mfukuze."

"Mimi hanisikii. Anamtii aliyesaini: Naibu. Na Naibu sasa si wewe."

Naibu mpya akaitwa, akaelezwa yote kwa kunong'onezwa, akaombwa aifute amri. Alisikiliza mikono nyuma, macho kwenye kiti.

"Pole sana, afande. Niachie jambo hili nilitafakari. Wiki mbili hivi."

Mlango ulipofungwa, mganga akauliza bwana yule ameitoa wapi roho ya namna ile.

Buti zilikuwa zimeanza tena. Kamanda akakusanya sauti iliyobaki.

"Kazi nimemfundisha mimi."