Betri za Redio ya Papa Raphaël

Kila alasiri Bintu alitoka shuleni, akapita nyumbani Muhumba kula fufu yake mbio mbio, kisha akashuka Nyawera kumsaidia tonton Modeste, mjomba wake, mezani sokoni. Ilikuwa miaka ya vita, lakini watu waliuza na kununua.

Tonton alikuwa amepata mashine mpya za michezo, za kushika mkononi. Zilikuwa na rangi zote na picha zilikimbia ajabu. Kwenye meza ya pili, maman Eulalie aliuza zile za zamani, za kijivu, nene kama kipande cha sabuni, lakini kila moja na kaseti kumi za michezo. Watoto walijaa kwake.

"Hii yenu iko na michezo ngapi?" akauliza Ornella, rafiki wa Bintu.

"Angalia nguvu yake kwanza!"

"Nimeangalia. Michezo ngapi?"

"Moja. Ya gari."

"Nguvu yote hiyo ya kusukuma gari moja?"

Maman Eulalie alicheka mpaka meza yake ikatikisika.

Bintu aliona haya, akaapa atauza angalau moja. Ijumaa aliiwasha mashine, sauti juu, watu waione. Kumbe ilikula betri kama askari mwenye njaa! Kabla ya saa kumi kioo kilizimika. Jioni, kimya kimya, akatoa betri mbili katika redio ndogo ya papa Raphaël, baba yake, akatia humo zile zilizokwisha.

Jumamosi asubuhi papa alifungua redio, kama kila siku, asikie kama barabara ya Kavumu ni salama. Maman Godelive, mama yake Bintu, alikuwa anakwenda huko kununua maharage. Redio ikanyamaza. Papa akaitikisa, akaipiga kofi.

"Nayo imechoka na vita," akasema maman, akachukua kikapu chake, akaenda.

Bintu aliinamia chai yake.

Saa sita, mashine iking'aa mkononi mwa Bintu, mbeba mizigo alifika sokoni akihema. "Barabara ya Kavumu imefungwa! Risasi tangu asubuhi! Redio ilionya!"

Mashine ilimponyoka Bintu, na pale chini kigari kiliendelea kukimbia. Aliiokota, akatoa betri, akakimbia nyumbani, akamwambia papa yote. Papa hakugomba. Aliketi mlangoni, akitazama njia.

Saa kumi maman akaingia, peku, matope hadi magotini, bila kikapu. Bintu akamwangukia.

"Maman, ni mimi nilichukua betri!"

Maman akaishika redio.

"Mutoto wangu, redio hii iko mbaya, imefungwa kamba, lakini inafanya kazi yake. Wewe ulitoa nguvu yake ukaipeleka kwa kitu cha kujionyesha. Cha mutu, omba. Na ukikosa, sema palepale, hata ukiogopa. Asubuhi ungesema, nisingetoka."

Bintu akarudisha betri, machozi yakimtiririka. Redio ikakohoa, ikasema.

"Na ile gari yenu," akauliza maman, akijifuta matope, "inakimbia sana?"

"Ndiyo, maman."

"Leo, vile nilivyokimbia, haingenifikia."