Joto la Kitanda cha Tisa

Siku ya kwanza aliporudi kazini baada ya miaka saba, Angèle Mbuyu alipitisha kiganja juu ya kitanda cha tisa. Kilikuwa kimetandikwa vizuri. Hakikuwa na mgonjwa. Shuka ilikuwa ya moto.

Alidhani ni jua. Lakini dirisha lilikuwa upande wa pili, na kwenye shuka palikuwa na harufu ya sabuni na damu iliyooza.

Aliacha uuguzi ili kumtunza mama mkwe wake kule Kisenge, kisha watoto wakafuatana. Sasa hospitali ya Kolwezi ilikuwa imemrudisha katika wodi yake ileile, ya akina mama waliopasuliwa, kwa majaribio ya miezi mitatu. Aliapa kuwa mpole. Hasira ilimjia kabla ya saa nne.

Mwenzake Mado alikuwa mezani na karatasi za joto za wagonjwa wote, akiandika 37, 37, kisha 36.8, bila kuinuka.

«Trente-sept. Trente-sept. Huyu tumupe trente-six huit, asichoke na trente-sept.»

«Unapimaka na macho?»

«Mama Angèle, bagonjwa makumi mbili, thermomètre moya. Miaka saba ulikuwa unapika bukari ku nyumba, leo unakuya kutufundisha?»

«Nipe iyo thermomètre.»

«Kamata. Zunguka bote. Lakini kitanda ya kenda uiache. Iko na mwenyewe.» Mado akashusha sauti. «Mwanamuke moya alikufia pale. Padri alikuya na maji ya baraka. Nganga wa Musumba akakuya na dawa yake. Bote balimufukuza, akabakia. Karatasi yake tuliichoma mara mbili. Inarudiaka.»

Angèle alitaka kucheka. Ndipo akasikia, kutoka safu ya mwisho, shwi, shwi: kipimajoto cha kioo kikitikiswa na mkono uliozoea. Kipimajoto pekee cha wodi kilikuwa mkononi mwake.

Katika kitanda cha nane Jémima, aliyepasuliwa juzi kwa uzazi wake wa kwanza, alikuwa analia bila sauti.

«Mama, mwambie aache. Mukono yake inachoma.»

«Nani, mutoto wangu?»

«Mwenye kulala hapa pembeni. Ananipima. Anasema hapa yeye tu njo anapimaka.»

Karatasi ya Jémima ilisema 37. Angèle alimwekea kipimajoto kwapani, akahesabu dakika. 40.3. Akainua bandeji, akaona usaha. Alimwita daktari kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa wote, na kabla ya saa sita Jémima alikuwa amerudishwa chumba cha upasuaji. Daktari alisema angesubiri hadi jioni, wangemzika.

Angèle alimtupia Mado karatasi kifuani. «Ungemuua! Na iyo bic ya kuandikia tu, ungemuua!»

Mado alielekeza kidole kwenye kitanda cha tisa. «Soma kwanza ile ya kenda,» akasema.

Karatasi ilikuwa imelala juu ya mto, na Angèle aliposoma jina la Naomie Kalumba, kisha asubuhi 37, mchana 37, jioni 37, kisha chini, kwa wino mwekundu wa daktari, amefariki saa sita mchana, alikumbuka kwamba katika wodi hii muuguzi anayeaga alikuwa akijaza asubuhi karatasi za siku nzima, ili wenzake wote wakae naye wanywe Fanta bila kusumbuliwa, akatazama tarehe, siku yake ya mwisho kazini miaka saba iliyopita, akatazama zile 7 zenye mkia mrefu, ambazo hakuna mwingine ila yeye aliyeziandika hivyo, na nyuma ya shingo yake pumzi ya moto ikaanza kuhesabu dakika.

Hakukimbia. Aliweka kipimajoto katika mkunjo wa shuka. Zebaki ilipanda hadi 41. Akazifuta zile 37 tatu, akaandika: Sikupima. Akatia sahihi. Shuka ikapoa chini ya kiganja chake, na harufu ikaisha.

«Ameenda,» Mado akanong'ona.

«Ameenda wapi?»

Alasiri hiyo aliipeleka karatasi mtaa wa Kasulo, kwenye anwani iliyoandikwa juu yake. Mume wa Naomie, baba mmoja aitwaye tata Mukuna, alikuwa ameketi mlangoni, shati limepigwa pasi.

«Tata, mi ni infirmière wa ile wodi. Siku ile sikumupima mama Naomie.»

«Najua. Asubuhi nilimugusa, nikakuambia: mama, bibi yangu iko moto. Uliniambia: tata, karatasi inasema trente-sept. Ulikuwa na Fanta mu mukono.»

«Nakuomba pardon.»

Mukuna aliisoma karatasi yote, akaikunja mara nne. Hakupandisha sauti.

Nyuma yake, ndani ya nyumba: shwi, shwi.

«Amefika mchana huu,» alisema, akisogeza kiti chake kuacha nafasi mlangoni. «Ingia, mama. Anataka kukupima.»