Neno Asilolijua Talaso

Kila Jumamosi Talaso alichota maji, akafagia ua, kisha akamsomea nyanyake, Akko Darmi, ujumbe wa simu. Nyanya hakujua Kiswahili, naye Talaso alijivunia chake kuliko watoto wote wa kijiji cha Kulamawe.

Jumamosi moja alifika Daktari Makena, mhadhiri wa chuo kikuu, pamoja na wanafunzi wake sita. Vitabu vyao vya mabadiliko ya tabianchi vilizungumzia theluji na bahari tu, kwa hiyo walitaka kuwasikia wafugaji wenyewe. Akina mama wakakusanyika uani kwa Akko Darmi, na Talaso akaombwa awe mkalimani.

"Waulize akina mama, tabianchi imebadilika vipi?" alisema Daktari.

Tabianchi? Talaso hakulijua neno hilo, lakini aliona haya kuuliza. Akaligawa vipande viwili: tabia, nchi. Akawauliza kwa Kiborana, "Tabia za watu wa nchi hii zimebadilika vipi?"

Wee! Akina mama waliwaka. Akko Darmi alisema vijana siku hizi hawasalimii. Mwingine akalalamika kwamba jirani akiazima sufuria, harudishi. Talaso akatafsiri yote, wanafunzi wakaandika mbiombio.

Daktari alikunja uso. "Sufuria? Inahusiana vipi na ukame?"

Ukame! Masikio ya Talaso yakapata moto. Angeweza kunyamaza, lakini madaftari sita yalikuwa yakijaa kosa lake.

"Samahani, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Neno lile silijui. Nilikisia tu."

Mwanafunzi mmoja, Mworia, akainua mkono polepole. "Daktari, hata mimi huwa naichanganya tabianchi na hali ya hewa. Darasani naitikia tu."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. "Kumbe mwaka mzima nafundisha vichwa vinavyoitikia! Sikilizeni. Hali ya hewa ni ya leo: jua, mvua, upepo. Tabianchi ni mwenendo wake kwa miaka mingi."

Talaso alipotafsiri, Akko Darmi alipiga makofi kwa kicheko. "Aa, mvua!" Akasimama, akaonyesha kwa mkono jinsi nyasi zilivyofika tumboni mwa ng'ombe yeye alipokuwa msichana, kisha akataja misimu ambayo mvua ilianza kukosekana. Wenzake wakadakia. Kurasa zikachanwa, mpya zikajaa, chai ya maziwa ikapita mkono kwa mkono.

"Talaso, umetuokoa," Daktari alisema. "Ungenyamaza, tungeondoka na uongo tukidhani ni elimu. Usipoelewa, sema. Hapo ndipo mwalimu anapoweza kukusaidia. Haya, nani ana swali?"

Mikono yote ikainuka, wa Talaso ukiwa wa kwanza.