Mtoto Aliyefichwa Kabiro

Jirani zangu wa Kabiro, kaeni kidogo niwaeleze yaliyowapata Audrey na mumewe Mukhwana, wanaokaa ploti ya geti la kijani. Wenyewe wameniruhusu niyaseme.

Mimba ya Audrey ilikuwa ndiyo kwanza inaonekana vizuri. Mvua ikinyesha mchana, alikuwa akijilaza kwenye kochi, mkono tumboni, na Mukhwana akirudi kutoka kituo cha 56 anakotengeneza vitanda, alimkuta hivyo, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali sana. Nyumba ilinukia vanishi na chai ya tangawizi. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Kisha kiuno kikaanza kumuuma, maumivu yakija na kuondoka. Audrey akasema waende hospitali.

"Ni kuchoka tu," Mukhwana akamjibu. "Lala kidogo, itaisha."

Akalala. Akaota anatembea ndani ya ziwa la kwao, maji vuguvugu yakimfika magotini. Alipoamka, kochi lilikuwa limelowa.

Mtoto alizaliwa hospitalini jioni hiyo, miezi mitatu kabla ya wakati wake. Wakamwita Marion. Angeweza kulala kwenye viganja vya baba yake. Wodi ya watoto njiti ilikuwa na joto na mwanga hafifu, mashine zikilia polepole, na akina mama wakikaa na watoto vifuani chini ya leso, wote nusu usingizini, kana kwamba wako ndani ya yai moja. Audrey aliniambia huko ndani hakujua kama ni asubuhi au jioni.

Daktari wao, Wakarima, alipitisha kifaa cha picha juu ya utosi wa Marion, kisha akavuta kiti.

"Mishipa ya ubongo ya mtoto mdogo hivi ni myembamba sana," alisema. "Mmoja umepasuka, damu ikavuja. Hakuna mtu amemfanyia kitu. Damu inaweza kuisha yenyewe, lakini pia maji yanaweza kujaa kichwani. Kwa hivyo mkienda nyumbani, mtakuwa mkimleta tumpime kichwa. Tafadhali msikose."

Marion akaongeza uzito, akaruhusiwa. Mwanzoni walimpeleka kliniki bila kukosa. Halafu kichwa kikaanza kuuzidi mwili. Nabalayo, shangazi yake Mukhwana, alikuja kumwona mtoto, akamtazama kwa muda mrefu.

"Hii si maneno ya hospitali," akasema kwa sauti ya chini. "Imetoka kwa watu. Msimtoe nje, wataongea."

Mukhwana hakubisha. Aibu ilikuwa imeshamshika. Alinunua kofia kubwa ya sufu, na wiki hiyo hawakwenda kliniki. Wala iliyofuata.

Msinielewe vibaya, jirani zangu. Walimpenda mtoto wao. Mtu anaweza kumpenda mtoto na bado akamficha.

Siku zikapita kama ukungu. Pazia limefungwa, Marion amelala. Akinyonya anatapika, kisha analala tena. Audrey alijiambia amejaliwa mtoto mpole. Macho yake yakifunguka yalitazama chini tu, kama anayefuata kitu kinachotambaa sakafuni.

Jumapili moja baada ya kanisa, Risper, dada mkubwa wa Audrey anayeishi Ireland, akapiga simu ya video.

"Mbona mtoto ana kofia na jua linawaka?"

"Anasikia baridi."

"Audrey. Itoe nione."

Audrey akaitoa. Risper akasogeza uso karibu na simu. Halafu akamwita mwanawe, Billy, akamwinamisha mbele ya simu na kuzigawa nywele zake. Nyuma ya sikio palikuwa na kovu la upasuaji.

"Huyu pia alizaliwa mapema," alisema. "Huku, na hizi mashine zote, bado damu ilivuja. Kwa wodi nilikuwa na mama wa India na mwingine wa Poland, watoto wao hivyo hivyo. Nani alituroga sisi wote? Utosi wake umevimba, mdogo wangu. Mpelekeni leo."

Mukhwana alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Akamchukua Marion, akatoka naye kichwa wazi, akapita katikati ya ploti mbele ya watu wote waliokuwa wakianika nguo. Audrey akamfuata.

Marion alipasuliwa, akawekewa mrija mwembamba wa kushusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Akaamka, akanyonya, akalia kwa nguvu kwa mara ya kwanza. Lakini macho yalikuwa yameumia kwa msukumo wa yale maji.

"Anaona mwanga na vivuli," daktari aliwaambia. "Mngemleta mapema, pengine angeona zaidi."

"Pengine?" Mukhwana aliuliza.

"Pengine."

Neno hilo ndilo analoishi nalo. Asubuhi humpakata bintiye mlangoni, na Marion hugeuza uso taratibu kuelekea jua, akitabasamu.

FUNZO

Mama mjamzito akiumwa kabla ya wakati, asiambiwe alale. Akifika hospitali mapema, kuna sindano anazoweza kuchomwa kumkinga mtoto, na zinahitaji muda kufanya kazi. Mtoto akizaliwa njiti na damu ikavuja kichwani, si laana wala uchawi. Hutokea Kabiro na hutokea Ulaya. Mpeleke kliniki kila unapoitwa. Na sisi majirani tufunge midomo, maana mtoto huyu alifichwa kwa kutuogopa sisi.